Alumini nyembamba haitaki papara

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wanaoanza kuchomelea alumini nyembamba kwa TIG (ule uchomeleaji wa sindano ya tungsteni na gesi ya kukinga), maana wengi wakitoboa bati siku ya kwanza wanasema mashine mbovu. Mashine haina shida jamani! Alumini ina ngozi ya oksidi juu, ngozi hiyo inayeyuka kwenye nyuzi kama 2,050 za Selsiasi wakati alumini yenyewe inayeyuka kwenye 660 tu, sasa wewe unangoja juu paachie kumbe chini kumeshakuwa uji, mara puu, tundu. Ndo maana unaweka AC (umeme wa kugeuka-geuka, ndo unaovunja hiyo ngozi), si DC (umeme wa upande mmoja) ile ya chuma, na gesi iwe agoni tupu. Futa mafuta kwanza halafu ndo upige brashi ya stenilesi ambayo haijagusa chuma kingine (mie nilizembea hapo, nikahangaika na weusi wiki nzima). Bati la milimita 1 jaribu ampea 40 hivi, na kama una pedali ya kuongeza na kupunguza umeme legeza mguu ukikaribia mwisho maana joto limeshajaa. Tena usingoje iwe nyekundu kama chuma, haiwi, inaanguka tu ghafla. Mie ningeanza na la milimita 3 kwanza.

Fundi msomaji wenu