Dawa ya deni, kwanza uulize ni la nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Gazeti lako nalisoma kwenye simu alfajiri nikitoka zamu ya usiku. Niko Columbus, Ohio, nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Juzi mpwa wangu wa Muheza kanipigia kwa furaha kwamba amepata chuo huku. Akauliza baridi ikoje, akauliza kodi ya chumba. Habari za hospitali hakuuliza. Hata mimi sikuuliza nilipokuja, na nimelipia ujinga huo.

Usiku mmoja wa Januari 2023 mwanangu, wakati huo ana miaka sita, alibanwa na pumu. Nikamkimbiza hospitali, idara ya dharura. Walimtibu vizuri, sina neno, na kabla hakujapambazuka tulikuwa nyumbani. Bima ya kazini ninayo, hospitali ikalipwa, nikajua yamekwisha. Nilikuwa sijui kwamba huku hospitali inaweza kuwa na bili yake na daktari wa dharura naye ana yake, kwa kuwa mara nyingi daktari yule ni mtu wa kampuni nyingine kabisa. Bili ya kampuni hiyo ikatumwa kwenye nyumba tuliyokuwa tumeshahama.

Tena bima ilikuwa imeshaikataa, kwa sababu ya jina. Sisi tuna majina matatu: lako, la baba, la babu. Kadi yangu ya bima ina la babu mwishoni. Karani wa mapokezi, usiku wa manane, mama mwenyewe amepakata mtoto anayehema kama mvukuto, akaandika la baba kuwa ndilo la ukoo. Bima ikajibu kwamba mtu huyo hayupo kwao. Wale madaktari hawakujisumbua kuuliza mara ya pili. Wakalipeleka deni kwa kampuni ya kukusanya madeni: dola 1,147.

Hayo yote nimeyajua Mei 2024, nilipokwenda kukopa gari. Huku karibu kila mtu mzima ana ripoti ya krediti, yaani kumbukumbu ya madeni yake na anavyoyalipa, kama ile ya CRB, kampuni za kutunza taarifa za wakopaji, inayowatoa jasho Wakenya, na inatunzwa na kampuni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kijana wa mikopo akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: deni la matibabu, halijalipwa. Riba aliyonitajia ilikuwa asilimia 17. Nilirudi nyumbani kwa basi.

Mhariri, mimi nimelelewa na bibi aliyesema dawa ya deni kulipa. Tukidaiwa nusu kilo ya sukari dukani, basi njia ile ya dukani hatupiti, tunazunguka kwa nyuma kwenye michungwa. Kwa hiyo nilipompigia yule mkusanya madeni, haraka yangu ya kulipa ilizidi yake ya kudai. Ana sauti laini, ananiita mama. Akasema nikitoa 800 siku hiyo hiyo yanaisha na mstari unafutwa. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko kazini, kadi ya benki mkononi, nimeshaanza kumsomea namba. Dada mmoja wa Kisii, mkubwa kwangu, akanishika mkono. "Mama Sudi, weka hiyo kadi. Kwani bili umeiona?"

Sikuwa nimeiona.

Ukweli usemwe, yule bwana kuhusu kufuta hakunidanganya. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kampuni zile tatu huondoa deni la matibabu kwenye ripoti likishalipwa. Lakini ningelipa kitu kilichopaswa kulipwa na bima, na baada ya hapo nani angenirudishia?

Yule dada alinikalisha siku yangu ya mapumziko tukaandika barua. Sheria ya Marekani ya 1977 inasema anayekusanya deni akikupa taarifa, unazo siku 30 za kumwandikia kwamba deni hulitambui, na ukishaandika lazima asimamishe madai mpaka akuonyeshe uthibitisho. Taarifa yangu ilipotelea nyumba ya zamani. Tukaandika hivyo hivyo: deni ni la nani, la tarehe gani, huduma gani, na bima walitumia jina lipi. Nikaipeleka posta kwa rejista, ile ya kurudishiwa kikadi cha kijani chenye sahihi ya aliyepokea. Simu usiitegemee, haiachi alama.

Ripoti zangu tatu nilizichukua bure kwenye AnnualCreditReport.com. Deni lilikuwa kwenye mbili. Hapa nilikosea tena: nilipinga mtandaoni kwa kubonyeza kitufe, "si langu", basi. Haikupita wiki mbili nikajibiwa kwamba limethibitishwa. Kuthibitisha kwenyewe ni kumuuliza anayenidai kama ananidai, naye akasema ndiyo! Mara ya pili niliandika barua kwa kila moja, rejista tena, nikabandika nakala ya kadi ya bima, nakala ya fomu ya usiku ule yenye jina lililokosewa, na karatasi ya bima kuhusu dai lile. Wakishapokea malalamiko wana siku 30 za kuchunguza, baadhi ya hali 45.

Hiyo karatasi ya bima ndiyo iliyonitoa jasho. Simu tatu, kila moja na muziki wake wa kusubiria, ndipo nikampata mwanamke aliyekubali kufungua majina yote mawili na kuona kwamba ni mtu mmoja. Wakalishughulikia dai upya. Kwa bima yangu, mchango wangu wa kwenda dharura ni dola 150. Hata kama wale madaktari hawana mkataba na bima yako, sheria iliyoanza Januari 2022 inawazuia kukudai kwa huduma ya dharura zaidi ya ambacho ungelipa kwa wenye mkataba. Nikalipa 150 kwenye ofisi ya madaktari wenyewe, si kwa mkusanya madeni, wakalirudisha deni kwao na kulifunga. Septemba 2024 mstari ukaondoka kwenye ripoti zote mbili.

Kinachonichekesha mpaka leo, na si kicheko cha raha, ni hiki: tangu Aprili 2023 madeni ya matibabu yaliyoanza chini ya dola 500 hayawekwi kwenye ripoti. Deni langu la haki, hizo 150, lisingeweza kuonekana hata siku moja. Lililoniharibia ni kosa la herufi za karani.

Mwezi huo huo kijana wa kwetu, mtu wa pwani kabisa, alitaka nimpe dola 600 "anisafishie krediti". Kazi hiyo mimi niliifanya kwa bei ya stempu. Na asiye na bima asikimbie bili: hospitali zisizo za biashara ya faida zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo, na unaweza kuomba mpaka siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutibiwa. Kwangu mimi hakuna aliyeutaja mpaka nilipoulizia.

Kuna jambo nawaomba radhi wenzangu wa kundi letu la WhatsApp. Januari 2025 shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha lilipitisha kanuni ya kuondoa madeni yote ya matibabu kwenye ripoti za krediti. Nikatuma ujumbe kwa watu zaidi ya mia, na vigelegele juu. Julai 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaibatilisha. Ujumbe ule bado unasambazwa, wengine wamefikia kutupa bili zao. Baadhi ya majimbo, New York na Colorado kwa mfano, yana sheria zake za kuzuia madeni hayo yasiwekwe kwenye ripoti. Sisi Ohio tunaandikiana barua.

Mpwa wangu anasafiri Januari. Nimemwambia koti asinunue huko, nitamnunulia hapa, ila kila fomu aandike majina kama yalivyo kwenye pasipoti, yote, kwa mpangilio ule ule. Akasema shangazi usijali, nimekuelewa. Jana kanitumia picha ya fomu ya bima ya chuo aliyokwisha kuijaza. Jina la babu kaliruka.

Mama Sudi,
Columbus, Ohio, Marekani