Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Pili

Kwa wazazi na walezi wetu,

Hamjambo? Muhula umeisha salama, na maabara tumepata!

Nianze hapo, maana najua hakuna anayefungua barua hii kutafuta habari za sweta. Usiku wa mwisho wa shindano la kura za mtandaoni, ambalo zawadi yake ni maabara, saa tano hivi, tulikuwa nyuma kwa kura 212. Mlinzi wetu, ambaye simu yake ni mulika mwizi isiyojua intaneti, alisimama langoni tangu jioni akimzuia kila apitaye: "Piga kura kwanza, ndipo tusalimiane." Mama mboga wa pale kona aliwagawia wateja bando yake mpaka ikaisha. Vijana wa boda nao walikesha stejini. Ilipotimia saa sita, tulikuwa wa kwanza. Nilipiga vigelegele ofisini peke yangu, wala sioni haya kukiri. Gredi 9 wanaofanyia majaribio ya sayansi katika chupa za soda, juu ya meza za kulia chakula, sasa watapata sinki, rafu na kabati la kufungwa kwa ufunguo. Asanteni sana.

Kesho yake mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya mto alinipigia kutupongeza. Wao walikuwa wa nane. Wana Gredi 9 kama sisi, na maabara hawana kama tulivyokuwa hatuna. Ila wazazi wao wengi wana simu kama ya mlinzi wetu. Nilikosa la kumjibu. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema mtoto mwenye majirani wenye bando. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, haifiki shilingi 4 kwa siku. Ndiyo maana tuliingia shindanoni, na likitangazwa jingine tutaingia tena. Mzazi mmoja aliniuliza kama ni sisi tu tunaohangaika hivi. La. Mwaka 2010, huko Marekani, maduka ya Kohl's yaligawa dola milioni 10 kwa shule 20 zilizoongoza kwa kura za Facebook, dola 500,000 kila moja. Huwa namfikiria mwalimu wa shule ya 21.

Ripoti zimo mkobani mwa mtoto, na tarehe ya kufungua iko chini yake. Sweta zilizookotwa ziko stoo.

Sasa tusemezane. Watu waliopiga kura kila siku kwa mwezi mzima walishindwa kufika kwenye mkutano wa wazazi uliochukua saa moja tu. Mlikuja 37. Na chakula je? Shilingi 5 za Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha mchana shuleni, hazinunui hata mandazi, lakini ikifika Jumatano bangili nyingi za kulipia hazina pesa. Mtoto anagusisha mkono, mashine inakataa, anarudi nyuma ya foleni akijifanya kuna kitu amesahau. Walimu wamekuwa wakilipa kimyakimya. Baadhi yenu nawajua, na kura zenu hazikukosa hata siku moja.

Lililonikera zaidi ni la wanafunzi sita wa Gredi 8. Walitoroka somo la hisabati, wakaenda stejini wakiwa na sare, wakawa wanapanda matatu moja hadi nyingine kuomba abiria simu zao wapigie kura. Simu moja ikapotea. Kondakta alimleta abiria mwenyewe ofisini kwangu, mama wa makamo, akilia. Nilipowaita wazazi, mmoja akaniambia, "Mwalimu, si ilikuwa kwa faida ya shule? Na ni mimi niliyemtuma." Nimekuwa mwalimu miaka mingi na sijawahi kuaibika hivyo. Sikumtaka mtoto yeyote aombe kura barabarani kama mwanasiasa, na hakuna maabara itakayomfundisha hisabati alizokosa siku hiyo.

Wazazi wa hao sita nitawaona siku ya kufungua, saa mbili asubuhi, kabla mtoto hajaingia darasani. Mje na mpango wa kulipa ile simu. Yule mama hupita hapa kila Ijumaa kuniuliza.

Wenu,
Mwalimu Mkuu