Nyumba Isiyo na Ndani

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika katika ukurasa huu, majuma mawili yaliyopita, kwamba kelele zinazopigwa kuhusu faragha katika mitandao ya kijamii ni za watu wenye mambo ya kuficha, kwa kuwa mja mwema hana la kuogopa hata akitazamwa usiku na mchana. Niliisoma barua ile mara tatu nikiwa nimeketi kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba yetu hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, na kila nilipoimaliza niligeuka kuutazama ukuta ulio nyuma yangu. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu ukuta ule ulijengwa na watu ambao hawakuwa na la kuficha, na bado waliujenga kwa unene wa karibu nusu mita.

Kwa wasiopata kuingia nyumba ya mawe ya Lamu, nieleze kidogo. Mgeni huanzia dakani, penye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba huweza kuzungumza na yeyote bila kumkaribisha ndani. Akiuvuka mlango hufika tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na huko hukabiliwa na ukuta mtupu, maana njia imepindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisiende moja kwa moja hadi uani. Ndipo huja kiwanda, yaani ua wa nyumba, kilicho wazi juu, kisha msana wa tini, ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, ukumbi wa juu, kisha ndani yenyewe penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kisha nyumba kati, chumba cha ndani zaidi. Kila hatua sakafu hupanda kidogo, na kila hatua idadi ya wenye ruhusa ya kufika hupungua. Mgeni wa kiume aliyekuja kulala alipewa sabule, chumba cha wageni, akala, akalala, akaondoka asubuhi bila kujua rangi ya mapazia ya ndani, wala hakuona kwamba amenyimwa kitu. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni wengi hudhani ni kwa ajili ya milango yenye nakshi. Wahenga walikwisha kusema kuwa nyumba njema si mlango.

Kule ndani kulikuwa na nini, basi? Hapakuwa na dhambi kubwa, nadhani, kuliko za mahali pengine. Palikuwa na mtu ambaye bado hajakamilika. Huko mtoto alikosea aya mara kumi kabla ya kuisoma mbele ya watu, mume na mke waligombana na kupatana kabla mtu hajajua kwamba waligombana, na kijana alitamka maneno ya kipumbavu mbele ya nyanya yake, akakemewa, na kesho yake akawa hayaamini tena. Neno letu la jambo hili ni sitara, na ndani ya neno hilo hamna harufu ya hatia. Tunamwomba Mungu atusitiri hata siku ambazo hatukufanya lolote.

Tabia ya mtu hufinyangwa huko, na ndiyo maana nasema kwamba simu, kwa namna tunavyoitumia sasa, haijatupunguzia siri tu. Inatugeuza kuwa watu wengine. Angalia jambo dogo. Mwaka 2014 WhatsApp ilileta tiki mbili za buluu, zinazomwarifu mwandishi kwamba ujumbe wake umesomwa. Kabla ya hapo mtu aliweza kupokea habari nzito, akakaa nayo kutwa, akashauriana na moyo wake, kisha akajibu kwa adabu. Sasa kimya chenyewe kimekuwa jibu, tena jibu la kiburi, na nimewaona watu wazima wenye mvi wakisoma ujumbe kwa kuchungulia mstari wa juu bila kuufungua, wasije wakajulikana kuwa wamesoma. Tiki hizo huweza kuzimwa, kweli, lakini kuzizima nako kumekuwa habari, na mwenye kuzizima huulizwa swali lilelile la msomaji wako: kwani unaficha nini?

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni kwa jahazi. Alikuwa na kipawa cha kuigiza. Jioni barazani aliweza kumwiga mzee yeyote wa mji huu, mimi nikiwa mmojawapo, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote. Jioni moja alimwiga mzee fulani anavyobishana bei ya samaki, na mtu mmoja akamrekodi, pengine bila nia mbaya, kwa muda usiofika dakika moja. Klipu ile ilitiwa katika grupu, kesho yake ikawa Mombasa, na baada ya siku chache ikarudi hapa kutoka Jeddah ikiwa imebandikwa maneno ambayo hakuyasema, yakimtuhumu kuwadharau wazee. Mzee aliyeigwa hakuwa na la kumsamehe, maana alikuwapo na alicheka. Wasiokuwapo ndio hawajamsamehe hadi leo.

Fedheha ile ilipita, kama fedheha zipitavyo. Kilichonitia hofu ni mtu aliyebaki baada yake. Mpwa wangu sasa huzungumza kama anayetoa ushahidi mahakamani. Ukimuuliza habari za bahari hujibu kwa kumshukuru Mungu, na ukimuuliza kuhusu siasa za kaunti hujibu vivyo hivyo. Kabla ya kusema neno huitazama kwanza mikono ya walioketi. Siku moja tulikuwa wawili tu, nikamwambia, “Mwanangu, hapa hapana simu, sema unalofikiri.” Akanijibu kwa upole, “Na hiyo iliyo mfukoni mwako, mjomba?”

Najua nitakumbushwa kwamba Lamu haikuwahi kuwa mji wa siri. Ni kweli. Mwanamke akinunua nazi tatu badala ya moja kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kabla ya adhuhuri imeshajulikana kwamba ana wageni, na kabla ya alasiri imejulikana wametoka wapi. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hulazimika kuombana radhi, na sauti husikika kutoka dirisha hadi dirisha. Lakini udaku wa barazani ulikuwa na dawa yake ndani yake, nayo ni kwamba ulichoka. Jambo la mwezi huu lililisukuma la mwezi uliopita, na baada ya mwaka lilibaki kuwa kichekesho cha harusini. Tena aliyenisengenya alinijua mzima: alijua kwamba nina hasira za karibu, na alijua pia kwamba nilimuuguza babake. Anayekuhukumu leo kutoka mji asioujua hana ila ile picha moja, na picha haichoki wala haizeeki.

Nisijitoe katika lawama. Nilipostaafu, baada ya miaka 31 ya kufundisha, wanangu walinifungulia ukurasa wa Facebook, nami nikaanza kuweka picha za jua likichomoza upande wa Manda. Watu walizipenda. Kitufe kile cha kupenda, kilichoingia mwaka 2009, kinaonekana mchezo wa watoto hadi siku utakapojikuta unaamka usiku kuhesabu. Biashara ya wenye mitandao hii ni matangazo, na faida yao ni muda wetu, kwa hiyo hakuna aliye upande wa pili anayetamani nilale. Katika mwezi wa tatu niligundua kwamba silitazami jua tena, nalipima tu. Aibu yangu kubwa, ambayo naitoa hapa kwa hiari, ni kwamba kuna alfajiri niliyoharakisha nyiradi zangu ili niuwahi mwanga.

Wanawake wetu waliutambua mtego huu mapema kuliko sisi. Katika kupamba, sherehe ya wanawake wakati wa harusi, ambako akina mama hukaa bila buibui wakiwa wamejipamba na kujiachia, simu hukusanywa mlangoni, na mwenye kukataa hurudishwa kwao hata akiwa jamaa wa bibi harusi. Baadhi ya vijana huucheka utaratibu huo kuwa ni ushamba. Mwaka jana simu moja ilipenya, picha ikatoka, na dada mmoja wa mtaa wetu hajaingia tena katika harusi yoyote, hata ya mdogo wake. Sitaongeza neno juu yake.

Mjukuu wangu ana miaka sita, na mwezi uliopita meno yake mawili ya mbele yaling’oka. Alikuwa akicheka kwa sauti, pengo lote nje, nikachukua simu nimpige picha. Alipoiona tu alifunga mdomo, akainamisha kichwa upande, akatoa tabasamu jembamba ambalo si la nyumba yetu. Kisha akaniuliza, “Babu, hii utaiweka?” Nilimwambia siiweki. Hakuniamini, akaiomba simu ahakikishe. Nimewafundisha watoto wa umri huo kwa maisha yangu yote, na nawajua wenye haya na watundu, waongo na wakweli, ila sikuwahi kumwona mtoto wa miaka sita aliyekwisha kujua uso wake unavyoonekana na watu wasiomjua.

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, zikiwemo habari za familia na mambo yake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikatuletea Kamishna wa kuisimamia. Mwaka 2023 ofisi yake iliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi zaidi ya milioni 1.8 kwa kuweka picha ya mteja bila ridhaa yake. Nilifurahi kusikia hivyo. Hata hivyo sheria hiyo imeziacha nje shughuli za mtu zilizo za kibinafsi au za kinyumbani tu, na shangazi anayerusha picha ya mtoto akiogeshwa katika grupu la ukoo hatafikiwa na Kamishna, wala mimi sitaki afikiwe. Huyo ni wa kuambiwa na sisi wenyewe, kwa upole, tena si mbele ya grupu.

Msomaji aliyeandika namkaribisha dakani kwangu siku yoyote baada ya alasiri, na simu zetu zote mbili tutaziacha sabuleni.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi moja. Mwaka 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala mashuhuri ya kudai haki ya mtu kuachwa na maisha yake, na waliokuwa wakiwalalamikia ni magazeti na kamera mpya za kupiga picha kwa haraka. Gazeti halikuwahi kuwa nje ya jambo hili. Siku hizi mtu akifa majini au barabarani, picha yake katika magazeti yetu mengi huwa imetolewa katika ukurasa wake mwenyewe, pengine ile aliyopiga kwa utani na wenzake, na mamake huiona kwa mara ya kwanza mezani pa muuza magazeti. Mwandishi wako na awapigie jamaa kwanza. Abishe hodi mara tatu, na asipojibiwa, arudi.

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu