Shemeji, hesabu kwanza nati za rimu zako

Shemeji,

Salamu nyingi kwako, kwa dada na kwa watoto. Nimeiona picha ya Ford Falcon yako ya 1962 kwenye kundi la familia, na nimesoma maneno ya ndugu zetu. Mmoja anauliza kama hilo ni gari au ni mkweche, mwingine anashangaa mtu kwenda kuishi Ohio halafu anunue kitu kilichomzidi umri. Waache waseme. Mimi nimekuelewa. Ila hili la kung'oa injini yake na kupachika V8, yaani ya silinda nane, inabidi tulizungumze, na ninalizungumza hadharani kwa sababu wenye homa hiyo ni wengi.

Homa yenyewe ni ya zamani. Mwishoni mwa 1959 kampuni tatu kubwa za Marekani zilitoa magari madogo karibu kwa mpigo mmoja, maana Volkswagen na Rambler zilikuwa zinawala soko. Ford walitoa Falcon, Chevrolet wakaja na Corvair yenye injini nyuma, Chrysler wakaleta Valiant. Madogo kwa kipimo cha kwao, lakini. Falcon ina urefu wa mita 4.6! Injini yake ya kwanza ilikuwa ya silinda sita, cc 2,360, nguvu za farasi 90. Ni gari la kubana matumizi, halikukusudiwa kumkimbiza mtu. Baadaye yakajaa kwenye yadi za magari yaliyotumika kwa bei ya kijana anayelipwa kwa saa. Na gari jepesi, la bei rahisi, ambalo fundi analifungua kwa spana za kawaida, lazima litachokonolewa. Tena kuna raha ya kusimama kwenye taa ukadharauliwa, halafu taa ikageuka kijani.

Sasa, kabla hujaitupa hiyo silinda sita, sikia habari ya Daytona kule Florida, Januari 1960. Kulikuwa na mbio za magari haya madogo, na Valiant zilishika nafasi ya kwanza mpaka ya saba. Hazikuwa na V8. Zilikuwa na silinda sita ya cc 2,800 iliyolazwa ubavu kwa nyuzi 30, na nafasi iliyopatikana pembeni wahandisi wakaijaza kwa mirija mirefu ya kuingizia hewa, na kabureta (kichanganyio cha hewa na petroli) ya midomo minne. Urefu ule haukuwa wa mapambo. Hewa inayokimbia ndani ya mrija ina uzito wake. Vali, yaani mlango wa silinda, ikifunga, hewa inajibana na kurudi nyuma kwa mawimbi. Ukipima urefu vizuri, wimbi linafika vali inapofunguka tena, na silinda inajazwa kuliko ambavyo ingevuta yenyewe. Kifurushi hicho, Hyper Pak, kilifikisha injini nguvu za farasi 148 kutoka 101.

Falcon yako haiwezi kuiga hilo kirahisi, na hapa ndipo Ford waliponiudhi. Fungua boneti uangalie upande wa kabureta. Ule mrija mnene uliolala juu ya silinda hedi, kama gogo, haufunguki. Umesubiwa pamoja na hedi yenyewe, kipande kimoja cha chuma. Walipunguza gharama, na wewe ukanyimwa manifoldi (mirija ya kugawa hewa) ya kubadilisha. Kabureta moja yenye mdomo mmoja imekaa katikati, kwa hiyo silinda za kati zinashiba na za mwisho zinabaki na njaa. Ng'oa plagi zote sita uzipange mezani kwa mfuatano wake: huenda zile za kati zikawa na masizi na zile za pembeni zimepauka. Wapenzi wa injini hii hutoboa gogo hilo na kuweka kabureta tatu, au hulichonga likubali ya midomo miwili. Kazi ya fundi mchongaji, lakini inafanyika.

Njia ninayoipenda zaidi ni kutafuta silinda sita ya ukoo huo huo ya cc 3,300, ya kuanzia 1965. Ina beringi kuu saba za kushika krankshafti, ya kwako ina nne. Inakaa pale pale. Hakikisha tu matundu ya nyumba ya klachi yanalingana, kwa sababu bloku za baadaye zilibadilishwa.

Najua utaniambia Ford wenyewe waliweka V8 kwenye Falcon. Kweli, mwaka 1963, cc 4,260. Lakini angalia walivyofanya: waliimarisha bodi, wakabadilisha springi, difu na breki. Nenda kwenye gari lako uhesabu nati za rimu. Ni nne. Falcon ya V8 ilitoka kiwandani na tano. Anayekuuzia injini ya Mustang kule yadi hatakueleza hayo.

Na V8 yenyewe si dawa ya kila barabara. Pasaka ya 1964 timu ya Mercury, chapa nyingine ya Ford, ilileta Comet, ndugu wa damu wa Falcon, kwenye Safari Rally kwetu Afrika Mashariki, zikiwa na V8 ya cc 4,700. Nyingi hazikumaliza. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina GT ya cc 1,500.

Lakini hata kabureta ya pili usiinunue kabla ya breki. Masta silinda yako, ile pampu ya breki, ni ya chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, pedali inazama mpaka sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki, na nyuma wamekaa wapwa zangu. Ya vyumba viwili, ya Mustang ya 1967, ndiyo wengi wanayoitumia kubadilisha. Mbele weka diski. Za Ford Granada ya miaka ya 1970 zinapatikana, na zitakulazimisha uhamie nati tano, jambo ambalo ungelihitaji hata hivyo.

Ukishamaliza hapo na bado unaitaka V8, sitakuzuia. Ila injini ya zamani usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Nitumie picha ya namba zilizosubiwa kwenye bloku, huenda nikainunua mimi. Na mwambie dada gereji itarudi kuwa yake, sijasema lini.

Wako,
Shemeji