Kwani nyie watu wa wapi?

Mhariri, asalaam aleikum.

Mie ni fundi cherahani, nashona makanzu na mabuibui hapa Mjini, kwetu khasa Wete, Pemba, lakini Unguja nishakaa miaka ishirini na zaidi. Naomba nafasi kidogo gazetini maana jambo hili limenikaa rohoni na nikiwaambia wenzangu barazani wanacheka tu.

Nna jirani yangu kiziwi, mjamzito wa mtoto wa pili. Siku ya mwanzo alikwenda kiliniki peke yake, njia anaijua, kusoma anajua, akafika saa moja na nusu asubuhi kaweka kadi mezani kama wenzake kakaa kwenye benchi. Nesi anatoka mlangoni anaita jina, anaita tena, kimya, kadi inarudi chini ya nyengine. Na yule bibi wa watu kamkazia macho nesi aone mdomo unasema nini lakini nesi anaita huku kainamia makadi, mdomo ataupata wapi? Waliokuja nyuma yake wakapimwa wakenda zao. Saa sita na nusu ndo anaoneshwa kwa mikono kwamba umeitwa hukuitika, nenda rudi siku nyengine. Ataitikaje jamani?

Mara ya pili nikenda nae mimi. Jina lilipoitwa nikanyanyuka, tukaingia, dakika kumi tumemaliza. Na nesi mwenyewe wala si mtu mbaya, yuko peke yake na kinamama wamejaa mpaka kibarazani, hana nafasi hata ya kunywa maji. Kilichokosekana pale ni nambari tu. Benki unapewa kikaratasi nambari yako ikifika unaiona kwenye skrini, sasa spitali sisemi waweke skrini, hata ubao wa chaki na vibao vya mbao vilivyoandikwa 1 mpaka 60 mie fundi seremala namjua atavikata kwa siku moja.

La pili ni hili suali la "kwani nyie watu wa wapi?" Mamaangu alikuja kutoka Pemba anaumwa mkono, tukenda spitali kumuandikisha, yule kijana wa dirishani akamuuliza bibi unaumwa nini, mama akajibu kwa Kipemba chake, "nkono unaniuma". Kijana akacheka, akamwita mwenzake njoo usikie, kisha ndo lile suali, bibi wa wapi wewe? Hakumtukana, nakiri, pengine alifikiri anafanya mzaha. Lakini mama alifunga mdomo, kwa daktari akawa anajibu ndio na siyo tu, na ubavu uliokuwa unamchoma wiki nzima hakuutaja mpaka tumerudi nyumbani. Mzaha wa dirishani ndo uliotupa hasara ya safari nyengine. Najua Kiswahili cha skuli kimetokana na Kiunguja, walikubaliana hivo wakoloni kule Mombasa 1928, ila sidhani kama walikubaliana pia kuwa anaesema nkono asitibiwe.

Na sisi Wapemba tusijifanye malaika, Mmakunduchi akija Wete akasema maneno yake ya Kikae tunamfanyia hayo hayo, mie mwenyewe nishawahi kucheka nilipokuwa msichana.

Halafu barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Nyote mnajua hapa kwetu bila ya barua ya sheha hupati kitambulisho na shughuli nyengine nyingi zinakwama. Kuna mama mtu wa Bara anauza samaki wa kukaanga karibu na duka langu, watoto wake wote wamezaliwa hapa wamesoma hapa, alipotaka barua kwa ajili ya mwanawe akaambiwa njoo kesho, kesho akaambiwa lete shahidi, shahidi akapelekwa, akaambiwa kwani nyie khasa watu wa wapi. Wiki tatu. Mie barua yangu naipata siku ile ile na sijui mie nimemzidi nini, mbona samaki wake sote tunakula. Kama kuna masharti basi yabandikwe ukutani, karatasi gani inatakiwa, ada ni shilingi ngapi, jibu linatoka baada ya siku ngapi, ili sote tusome karatasi moja.

Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 12 imekataza kumbagua mtu kwa kabila lake, pahala alipotoka, dini au siasa, na tangu 2006 tuna sheria ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2010 tulipiga kura ya maoni kutaka serikali ya umoja wa kitaifa, wengi tukasema ndio. Wakubwa wa vyama wakakaa meza moja, sisi huku chini bado tunaulizana wa wapi mbele ya dirisha la kuandikishia. Na dirisha lenyewe, nisisahau, liko juu kiasi kwamba mwenye kigari cha magurudumu anaona mbao tupu, sauti ya mtu inatoka juu kama ya muadhini.

Ninachoomba si kikubwa. Vibao vya nambari. Karatasi ukutani. Na kila kituo mfanyakazi mmoja tu apelekwe akasomeshwe lugha ya alama, hata maneno ya kiliniki matupu, maumivu, damu, mtoto anacheza, rudi lini. Jirani yangu kanifundisha mie hayo kwa jioni nne hapa kibarazani huku napiga cherahani, na mie si mwepesi wa kusoma.

Jumatano hii ana kiliniki tena. Ntafunga duka nende nae, wenye makanzu yenu ya harusi mnisamehe mje Alkhamisi.

Fundi cherahani,
Mjini, Unguja.