Dema la udongo

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje na goti? Sisi huku wazima, ila uani kunanuka karatasi iliyooza, na kosa ni langu.

Unakumbuka lile dema la udongo, umbo la mtego wa samaki, nililokuwa nikililia mwaka jana? Nilifinyanga matatu, yote yakapasuka pale fito zinapokutana. Safari hii limesimama, na dawa yake ni karatasi ya chooni. Usicheke! Unailoweka kwenye maji ya moto, unaivuruga mpaka ivurugike, unaikamua, halafu unaichanganya na udongo mzito kama mtindi: kipimo kimoja cha karatasi kwa vitatu vya udongo. Niliumwaga juu ya bamba la jasi likanywa maji, nikausukuma kama chapati, nikakata fito nyembamba kuliko penseli, nikazilaza juu ya beseni nililolifunika gazeti. Zikakauka kau.

Utamu unaanzia hapo. Si tulifundishwa kwamba kikavu na kibichi haviungani, vikikauka vinaachana? Udongo huu wa karatasi haujali. Nyuzinyuzi za karatasi zina uwazi ndani, zinafyonza uji wa udongo, basi hata kikavu kwa kikavu vinashikana. Nilijenga fito kwa fito siku nne, kwa brashi na kopo la uji. Paka akarukia meza, akavunja tatu. Nilizirudisha kabla chai haijapoa.

Kuchoma ndiko kulikonitoa jasho. Karatasi huungua mapema, tanuri likafuka moshi mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. Kwa hiyo tundu la juu liache wazi, upandishe moto polepole, usizibe mpaka moshi ukatike. Mimi niliziba kwenye nyuzijoto 500, nikafika 1,000. Karatasi ikiungua huacha vitundu, ndiyo maana dema lenyewe jepesi ajabu. Lakini wakikwambia linakuwa gumu zaidi, wabishie. Kabla ya moto, sawa. Likishatoka tanurini nalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Ile harufu sasa: ndoo niliisahau wiki mbili, ikaota ukungu. Changanya cha kutumia tu, kinachobaki kianike. Siku ukikitaka unakiloweka.

Yale maua yako ya asumini ya kufinyanga yanayokatika vikonyo yanautaka udongo huu. Naja Tanga mwisho wa mwezi, nitakuletea kibunda kikavu. Wewe tafuta jasi, na paka mfungie nje.

Wako,
Rehema