Mkono wa Kulia

Mama,

Barua za kwetu huanza na "sisi hatujambo." Leo salamu nitaziweka mwisho, kwa sababu kwenye simu nimekudanganya nazo kwa miezi, na sitaki kukudanganya kwa maandishi.

Nikurudishe kwanza Septemba 2021. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri chuo. Ikaja taarifa kwamba Richie Faulkner, mpiga gitaa wako wa Judas Priest, ile bendi ya Uingereza ya "heavy metal", yaani chuma kizito, amelazwa kwa tatizo kubwa la moyo na ziara yao ya Marekani imeahirishwa. Hukula siku mbili. Ulikaa kwenye ngazi ya nyuma, simu mkononi, unasoma maneno ya watu wa Brazili, wa Ujerumani, wa Japani, na wote wanauliza swali moja: yu hai? Mimi nikapita na dumu la mafuta begani, nikakwambia, "Mzungu yule hajui hata kama Mwanza ipo. Kilio chote hicho cha nini?"

Hukunijibu. Uliinuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nisamehe, mama. Neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa sato, na zaidi kwa sababu mimi mwenyewe nilishatendewa vizuri kuliko nilivyokutendea wewe. Franco Luambo, mwanamuziki wa Kongo, alipofariki Ubelgiji, Oktoba 12, 1989, nilikuwa kijana wa miaka 18, natumwa spana kwenye banda la mashine hapa Mwaloni. Muda mrefu tulikuwa tukisikia anaumwa, kakonda, wengine wameshamzika kwa midomo kabla hajafa. Redio iliposema kweli amekufa, nilishika nguzo ya banda nikalia kama mtoto. Kilingala sikijui hata leo. Fundi wangu alikuwa mkali, mtu wa kukurushia nyundo, lakini siku ile alizima mashine aliyokuwa anaijaribu akasema, "Nenda kakae ziwani, ukimaliza urudi." Hakuniuliza Franco ni nani yangu.

Baadaye Faulkner alipopata nguvu akaandika mwenyewe yaliyompata, nawe ukanisomea kwa Kiswahili pale uani, mama yako anachambua mchele. Nilikuelewa kuliko ulivyodhani. Ulisema mshipa uliompasukia unaitwa aota, ni mkubwa kuliko yote, unatoka kwenye moyo kupeleka damu mwili mzima. Ukuta wake ukichoka mahali, pale panatuna, na pakituna sana panapasuka. Mimi kitu hicho nakishika kila siku. Mpira wa mafuta wa mashine ya boti ukikaa juani miaka, kwa macho ni mzima, mweusi, unang'aa. Mashine inawaka kwa mvuto mmoja na mvuvi anakuapia kwamba haina tatizo. Lakini ukiupapasa polepole kutoka kwenye tangi, karibu na kibanio kidole kinapanda kijilima, na ukiminya hapo panabonyea kama papai lililoiva. Hapavuji hata tone. Ndiyo maana watu huzimikiwa katikati ya maji.

Wa Faulkner ulipasukia jukwaani, Septemba 26, kwenye tamasha la Louisville, Kentucky, akipiga wimbo uitwao Painkiller. Ukanitafsiria: dawa ya kutuliza maumivu. Ana miaka 41, hajawahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, damu inamwagika ndani ya kifua chake, na wimbo akaumaliza. Alisema akiangalia picha za video za siku ile anaona usoni mwake kuchanganyikiwa na uchungu. Maelfu walikuwa mbele yake wanaruka. Hakuna aliyejua, na wangejuaje? Kisha ninyi mashabiki mkajua, mkarudia video ile ile usiku kucha mkimwangalia uso. Nakumbuka uliisimamisha mahali fulani ukaniita, "Baba, ona macho." Sikuja kuona. Na hilo nalo nisamehe.

Hospitali yenye madaktari wa moyo ilikuwa kilomita kama sita tu kutoka jukwaani. Walimpasua kwa zaidi ya saa 10. Akasema sehemu tano kifuani mwake zimebadilishwa, na sasa kweli yeye ni chuma, mkacheka na kulia pamoja. Mimi niliwaza zile kilomita sita. Nilimwaza mtu wa kisiwa cha Ukara ambaye avuke kwanza mpaka Bugolora, apate gari la Nansio, asubiri meli ya kuja Mwanza, ndipo aanze kupanda kilima cha hospitali ya Bugando.

Halafu ukasoma pale alipowaomba mashabiki wakapimwe. Ulisoma mara mbili, ukanitazama. Nikasema, "Kesho."

Kesho hiyo ikawa miaka.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2025 ulinitumia ujumbe kwamba Faulkner amejitokeza kusema alichokuwa amekificha: baada ya ule upasuaji alipata kiharusi, ubongo ukaumia, na mkono wake wa kulia haujarudi kuwa kama zamani. Huo ndio mkono unaogonga nyuzi. Ulisema alikuwa akipanda jukwaani na kuogopa watu wataona. Na ulisema mashabiki walipojua hawakumdai pesa zao za tiketi, walimwandikia kwamba apige vyovyote awezavyo. Mwisho ukauliza, "Baba, wewe umepima?"

Nilikujibu, "Mimi mzima." Nilikuwa nimeandika kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Wiki tatu kabla ya ujumbe wako, wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani na mashine zote zinaletwa kwangu, nilikuwa nimesimama majini mpaka magotini nafunga kichwa cha mashine. Spana namba 10 ikanitoka. Sikuiachia, ilinitoka tu, kama vile kiganja ni cha mtu mwingine. Nikainama kuipapasa mchangani, vidole vikagusa chuma, havikukunja. Nilitaka kumwita kijana wangu wa kazi nikasikia mdomo unatoa sauti ya mlevi. Yule kijana alicheka, akadhani natania. Nilikaa juu ya jiwe. Baada ya kama nusu saa vidole vikarudi, ulimi ukarudi, nikamwambia ni jua. Mama yako nilimwambia vivyo hivyo.

Ujumbe wako ndio ulionipeleka zahanati. Nesi alinifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akasoma, akanitazama, akafunga upya mkono wa pili. 190 kwa 110. Akaniuliza kichwa hakiniumi? Hakiniumi. Kizunguzungu? Hapana. Akasema presha ni hivyo hivyo, haibishi hodi, na kwamba yale ya ziwani yalikuwa kiharusi kidogo, kile kinachopita, na kikipita mtu anatakiwa akimbie hospitali siku ile ile, siyo akae juu ya jiwe. Nimepimwa damu na mkojo, nimepewa vidonge vya aina mbili. Kanikazia kwamba hivi si panadol, vinamezwa siku unayoumwa na siku usiyoumwa.

Mkono umerudi, lakini si wote. Spana nashika. Vitu vidogo ndivyo vinanishinda, ile sindano ya kabureta, zile skrubu zilizo kama punje ya mtama. Kijana ndiye anayezifunga, mimi namwelekeza kwa mdomo. Mwanzoni nilikuwa namtuma dukani wateja wakija, wasione. Nikamkumbuka mpiga gitaa wako jukwaani. Yeye amewaambia watu asiowajua hata majina, nami nashindwa kumwambia mtoto niliyemzaa. Siku hizi wateja nawaambia wazi. Wawili walihamia kwa fundi mwingine, waliobaki wanasubiri.

Na kuna la bibi yako, uliyepewa jina lake. Unajua hadithi kwamba alirogwa. Alikuwa anaanika dagaa, akalalamika kidogo juu ya kichwa, akaanguka, jioni akawa hayupo. Jirani mmoja alinyooshewa kidole mpaka akahama, na mimi nilikuwa miongoni mwa walionyoosha. Leo nikiangalia ile namba yangu ya 190, sina tena uhakika wa uchawi wowote. Jirani yule alishafariki. Sina wa kumwomba radhi.

Presha hutembea kwenye ukoo, mama. Kwa hiyo sikuombi, nakuagiza kama baba: kabla wiki haijaisha nenda kapime, hata duka la dawa wanapima. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, usiseme ni uchovu wa kazi, rudi upime siku nyingine, kisha mwone daktari. Na unitumie namba, siyo neno "mzima."

Gitaa lako uliloliacha, lile lenye kifunguo kilicholegea, nimelishusha kutoka juu ya kabati. Ile skrubu ndogo ya kifunguo nimeifunga mwenyewe, kwa mkono huo huo. Nilianza baada ya chakula cha mchana, iliniponyoka mara sijui ngapi, mama yako akashika tochi jua lilipozama. Imeshika. Nyuzi sijui kuzipanga, hizo nimekuachia. Ukija Desemba unionyeshe ile video, simamisha pale pale ulipoisimamisha.

Sasa salamu. Mama yako hajambo, anakudai kitenge. Mdogo wako hajambo. Mimi jana asubuhi ilikuwa 146 kwa 92.

Ni mimi baba yako,
Kirumba, Mwanza